MBIO ZA KUJIFURAHISHA: TUONDOKE PAMOJA, TURUDI SOTE SALAMA



Hapa mkoani Kilimanjaro, kila unapokaribia mwezi wa Februari, swali moja hunifuata kila mahali. Naulizwa kliniki, naulizwa sokoni, naulizwa hata nje ya kanisa baada ya misa: "Mama, na mimi naweza kukimbia zile kilometa tano?" Wanaouliza si wanariadha. Ni akina mama wa jumuiya, walimu, mafundi cherehani, madereva, na vijana wa kwaya. Wengi wana miaka 40 na zaidi, na mara ya mwisho kukimbia ilikuwa mchakamchaka wa shuleni. Kwa hiyo mwezi huu nimeona yafaa tulizungumze jambo hili kwa kirefu.

Mbio za Kilimanjaro Marathon zilianza mjini Moshi mwaka 2003. Wanariadha wenyewe hukimbia kilometa 42 na kidogo, wengine hukimbia nusu yake, yaani kilometa 21, na umati mkubwa wa watu wa kawaida huingia katika mbio za kujifurahisha za kilometa 5. Mbio za namna hii sasa ziko katika miji mingi, na nyingine hukusanya fedha za matibabu. Kule Nairobi, Hospitali ya Mater imekuwa na mbio zake za kuchangia upasuaji wa moyo kwa watoto.

Mimi mwenyewe nina umri wa zaidi ya miaka 50, na nimeshiriki zile kilometa 5 mara kadhaa pamoja na marafiki. Sijawahi kumpita mtu mwenye mbio, wala si lengo langu. Nayaeleza hapa yale niliyoyaona njiani kwa macho ya muuguzi.

JE, KUKIMBIA KUNA FAIDA GANI?

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, kama kutembea kwa haraka, au dakika 75 za mazoezi mazito zaidi, kama kukimbia. Watoto wa miaka 5 hadi 17 wanahitaji wastani wa dakika 60 kila siku.

Mazoezi huufanya moyo uwe na nguvu, hata ukasukuma damu nyingi kwa mapigo machache. Mishipa ya damu hulegea, na shinikizo la damu hushuka. Misuli inayofanya kazi huichukua sukari kutoka katika damu, ndiyo maana mwenye kisukari hufaidika sana. Usingizi huwa mzuri, na mawazo mazito hupungua.

Hapo wapo watakaosema: "Sisi tunalima, tunabeba majani ya ng'ombe, tunapanda na kushuka vilima. Mazoezi ya nini tena?" Wana haki. Anayelima na kubeba mizigo kila siku ameshapata mazoezi yake, na asione kwamba amekosa kitu kwa kuwa hana raba. Lakini tutazame familia zetu vizuri. Baba anakaa dukani kutoka asubuhi hadi usiku. Binti anafanya kazi ofisini, anakwenda na kurudi kwa bodaboda. Fundi ameketi kwenye cherehani saa kumi. Hao ndio tunaowaona kliniki ya presha na kisukari, na hao ndio ninaowaambia waamke.

KWA NINI TUKIMBIE NA MARAFIKI?

Mwaka 1962, katika mji wa Auckland huko New Zealand, mwalimu wa riadha Arthur Lydiard aliwasaidia watu wa kawaida kuanzisha klabu ya kukimbia polepole. Baadhi yao walikuwa wazee, na wengine walikuwa wameugua moyo. Shauri lake lilikuwa kwamba kila mmoja akimbie kwa mwendo ambao anaweza bado kuzungumza na mwenzake. Mwalimu maarufu kutoka Marekani, Bill Bowerman, alipowatembelea alikimbia nao, akashindwa kumfikia mzee wa zaidi ya miaka 70. Aliporudi kwao alilieneza jambo hilo, na mwaka 1967 kilitoka kitabu alichokiandika pamoja na daktari wa moyo.

Kipimo kile cha mazungumzo ni kizuri hadi leo, na hakihitaji saa wala mashine. Ukiweza kuzungumza sentensi nzima na mwenzako huku unakimbia, mwendo wako ni salama. Ukiweza kusema neno moja moja tu, punguza. Ukiweza kuimba wimbo mzima bila kuhema, unaweza kuongeza kidogo. Anayekimbia peke yake hawezi kujipima hivyo.

Faida ya pili ya marafiki ni kuamka. Saa kumi na moja asubuhi kitanda kina utamu wake, lakini ukijua kwamba wenzako wanakusubiri njia panda, utatoka. Faida ya tatu ni usalama. Mama hawezi kukimbia peke yake gizani, na hata asubuhi kumekucha wapo watakaomwuliza anakimbia nini na umri huo. Wakiwa watano hakuna awaulizaye.

Faida ya nne ndiyo kubwa kuliko zote: rafiki anakuona. Katika kundi letu yupo mama mmoja mwenye kisukari, ambaye ameniruhusu nieleze habari zake. Siku ya mbio alimeza vidonge vyake alfajiri kama kawaida, lakini hakula chochote kwa kuogopa tumbo kuwa zito. Kufika kilometa ya tatu alianza kujibu maswali ovyo, jasho la baridi likimtoka na mikono ikitetemeka. Mtu asiyemfahamu angedhani amechoka tu. Mwenzake aliyekuwa ubavuni alijua kwamba huyu si yeye, akamketisha na kumpa soda yenye sukari. Baada ya dakika kumi na tano hivi akili zilimrudia, akapewa mkate, na wote wawili wakaishia hapo kwa siku ile. Sukari ikishuka namna ile mtu akiwa peke yake barabarani, anaweza kupoteza fahamu na hata maisha.

LAKINI MARAFIKI HAO HAO WAWEZA KUKUPONZA

Kuna rafiki anayesema, "Twende, usiwe mvivu!" wakati kifua kinakubana. Kuna utani wa kazini kuhusu nani atamshinda nani. Mtu mzima mwenye kitambi anajikuta anafukuzana na kijana wa miaka 20 mbele ya watu. Tukubaliane tangu mwanzo kwamba kundi huenda kwa mwendo wa aliye nyuma kabisa, na kwamba anayetaka kusimama husimama bila kuchekwa.

Watanzania tunamkumbuka John Stephen Akhwari, ambaye mwaka 1968 katika Olimpiki ya Mexico alianguka na kuumia goti, lakini akaimaliza marathoni akichechemea, mguu umefungwa bandeji, wa mwisho kabisa kati ya 57 waliomaliza. Ni ushujaa wa kuheshimiwa. Lakini yeye alikuwa mwanariadha aliyeandaliwa, naye alikuwa akiliwakilisha taifa zima. Wewe na mimi hatukutumwa na taifa. Tumejituma wenyewe, na wanaotusubiri ni watoto nyumbani. Kwetu sisi, kusimama kwa wakati ndiyo busara.

PIMA KWANZA, KIMBIA BAADAYE

Mmarekani Jim Fixx aliandika kitabu cha mwaka 1977 kilichowavuta watu wengi katika kukimbia. Yeye mwenyewe alikuwa ameacha sigara na kupunguza uzito mwingi. Hata hivyo, mwaka 1984, akiwa na miaka 52, alifariki kwa ugonjwa wa moyo akiwa katika kukimbia. Mishipa ya moyo wake ilikuwa imeziba, na baba yake alikuwa amekufa kwa moyo akiwa na miaka 43. Wapo waliosema kwamba mbio ndizo zilizomwua. Kwetu sisi wauguzi fundisho ni jingine: mazoezi hayafuti historia ya ukoo wala hayachukui nafasi ya vipimo.

Kundi letu lilianza kwa kupimana presha, kila mmoja akiwa ameketi na kutulia kwa dakika tano. Mwalimu mmoja, mwanamume mwenye afya ya kupendeza machoni na mchezaji wa mpira wa zamani, alikuwa na 190 kwa 115. Tulirudia siku ya pili, ikawa vile vile. Alikuwa haumwi kichwa wala chochote. Hakukimbia mwaka ule. Alianzishiwa dawa, akawa anatembea tu. Mwaka uliofuata, presha ikiwa imeshuka na daktari ameridhia, alimaliza kilometa 5 pamoja nasi. Naamini kile kipimo kilimsaidia kuliko mbio zenyewe.

Wafuatao wasianze kukimbia kabla ya kuonana na daktari:

1. Mwenye umri wa miaka 40 na zaidi ambaye hajazoea mazoezi, hasa mvutaji sigara, au mwenye ndugu wa karibu aliyekufa ghafla au kuugua moyo akiwa kijana.

2. Mwenye presha. Kipimo cha 140 kwa 90 au zaidi, kikirudiwa na kubaki hivyo, chahitaji ushauri na matibabu. Kikifika 180 kwa 110, hakuna kukimbia hata kidogo mpaka kishuke.

3. Anayebanwa kifua, kuishiwa pumzi kuliko wenzake, au aliyewahi kuzirai akifanya kazi nzito.

4. Kijana aliyewahi kuambiwa ana tatizo la moyo. Yapo magonjwa ya milango ya moyo yanayotokana na maambukizi ya koo ya utotoni ambayo hayakutibiwa, na hushambulia watoto na vijana wetu. Ujana si cheti cha afya.

5. Mwenye kisukari, ili apangiwe muda wa kula na wa dawa. Awe na glukosi au peremende mfukoni kila anapokimbia.

6. Mwenye pumu na mwenye selimundu. Wa pumu abebe dawa yake ya kuvuta. Wa selimundu asikimbie bila ruhusa ya daktari anayemtibu.

7. Mjamzito. Kutembea ni kuzuri kwake, lakini kama hakuwa mkimbiaji kabla ya mimba, asianze sasa. Aliyejifungua asubiri angalau miezi mitatu, na aliyepasuliwa asirudi mbioni mpaka achunguzwe.

Hapo niseme na akina mama neno ambalo hatulisemi hadharani. Wengi wetu tuliozaa mara kadhaa mkojo hututoka kidogo tukikimbia, kupiga chafya au kucheka, na wengi huacha mazoezi kwa aibu. Si laana wala si uzee. Ni misuli ya chini iliyolegea. Ikaze kama mtu anayezuia mkojo, hesabu hadi tano, iachie. Fanya mara kumi, mara tatu kwa siku, kwa miezi mitatu. Wengi hupata nafuu. Lakini mkojo ukitoka mfululizo mchana na usiku, njoo hospitali, kwa maana hilo ni tatizo jingine na lina matibabu.

Tena, yeyote mwenye homa asikimbie, hata kama amekwisha lipa kiingilio. Baadhi ya virusi huushambulia moyo, na kuutumikisha moyo ulioambukizwa ni hatari. Aliyetoka kuugua malaria asubiri mpaka amalize dawa na nguvu zirudi.

MATAYARISHO YA WIKI NANE

Haba na haba hujaza kibaba. Fanya siku tatu kwa wiki, na upumzike siku moja katikati. Kila mara anza kwa kutembea dakika tano, na maliza vivyo hivyo.

Wiki ya 1 na ya 2: tembea kwa haraka dakika 30.

Wiki ya 3 na ya 4: kimbia polepole dakika 1, tembea dakika 2. Rudia mara kumi.

Wiki ya 5 na ya 6: kimbia dakika 3, tembea dakika 2. Rudia mara sita.

Wiki ya 7: kimbia dakika 5, tembea dakika 1. Rudia mara tano.

Wiki ya 8: punguza, fanya siku mbili tu kwa wepesi, kisha mbio zenyewe.

Wiki ikikushinda, irudie. Hakuna atakayekufukuza.

Viatu si lazima viwe vipya. Wengi tunanunua mitumba. Angalia soli isiwe imelika upande mmoja, na mbele pabaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Usivae kiatu kwa mara ya kwanza siku ya mbio, utapata malengelenge. Akina mama wavae sidiria inayoshika vizuri, na mahali panaposuguana, kama mapajani, papakwe mafuta ya mgando. Alfajiri vaeni nguo nyeupe, na mkimbie upande wa kulia wa barabara ili myaone magari yanayowajia.

SIKU YENYEWE

Jioni ya kuamkia mbio kula chakula ulichokizoea, na mbege isubiri. Pombe hupoteza maji mwilini na kuharibu usingizi. Asubuhi, saa moja na nusu au mbili kabla, uji na ndizi mbivu moja vyatosha. Kwa kuwa mbio nyingi huwa Jumapili, panga misa mapema, ya Jumamosi jioni ikiwepo, au ya Jumapili baadaye.

Kuhusu maji, watu wengi wamefundishwa wanywe mengi kadiri wawezavyo. Sivyo. Kunywa unaposikia kiu. Maji yakizidi kiasi, chumvi ya damu hushuka, na mtu huweza kuchanganyikiwa, kupata degedege na kufa. Katika marathoni ya Boston ya mwaka 2002 walipimwa wakimbiaji 488, na asilimia 13 walikutwa na upungufu huo wa chumvi. Kilometa 5 ni fupi, na bilauri moja au mbili kwa kawaida hutosha.

Usimeze diklofenaki au ibuprofeni ili "kuzuia maumivu" kabla ya kukimbia, kama ninavyoona wengi wakifanya. Mwili ukiwa umepungukiwa maji, dawa hizo huweza kuumiza figo, tena huficha maumivu ambayo yangekuonya.

Simama nyuma ya umati. Wenye mbio waende. Kosa la wengi ni kuchomoka kwa kasi mita mia tano za kwanza kwa sababu ya ngoma na vigelegele, na kosa la pili ni kufyatuka mwishoni ili wapigwe picha. Tembea utakapo, katika mbio za kujifurahisha kutembea si aibu.

DALILI ZA HATARI

Simama mara moja ukisikia kifua kubana au kuuma, maumivu yakienda begani, mkononi au tayani, moyo kwenda mbio bila mpango, kizunguzungu, au pumzi kukata hata ukipunguza mwendo. Usisubiri "ipite". Mwambie mwenzako, na mwende kwa wahudumu.

Ukimwona mwenzako ana joto kali, anayumba na kusema ovyo, huenda amezidiwa na joto. Mpeleke kivulini, mvue nguo za juu, mmwagie maji mwili mzima na mpepee huku gari linatafutwa. Usimnyweshe kama hana fahamu.

Akianguka na asiamke, na hapumui au anatweta tu, mlaze chali mahali pagumu. Weka mikono miwili katikati ya kifua, bonyeza kwa nguvu kina cha sentimeta 5 hivi, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Usiache mpaka apumue au wahudumu wafike. Wengine waite msaada na kuwazuia watu wasimzonge. Kila dakika inayopita bila kufanya hivyo hupunguza uhai wake. Ndiyo maana nashauri kila kundi lijifunze jambo hili hospitalini au katika zahanati kabla ya siku ya mbio.

BAADA YA MBIO

Usikae chini ghafla. Tembea dakika kumi ili damu isitulie miguuni, usije ukazirai. Kula na kunywa kawaida. Misuli ya mapaja na vigimbi kuuma siku mbili tatu si ugonjwa. Lakini maumivu ya mahali pamoja kwenye mfupa, goti lililovimba, au kifundo kisichoweza kukanyaga, vyahitaji kuonwa.

Mwisho, ndugu zangu, medali ikishatundikwa ukutani kazi haijaisha. Nimeona makundi mengi yakifa wiki moja baada ya mbio, na presha zikapanda tena. Kundi letu limekubaliana kukutana kila Jumamosi alfajiri, mbio ziwepo zisiwepo, na kupimana presha kila mwezi. Hili halihitaji kiingilio wala fulana. Uwanja wa shule watosha, na marafiki watatu wanatosha kuanzia. Anayeshindwa kukimbia atembee, na asiyeonekana Jumamosi mbili mfululizo tunakwenda kumgongea mlango. Wawili tuliowagongea hivyo tuliwakuta wanaumwa, wala hawakuwa wamemwambia mtu.

Nawatakieni afya njema. Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.